Kwa nini musizi usikatwe tu? Msitu wa Amani na mti wake mgeni

Kila anayesimuliwa kwa mara ya kwanza habari za musizi katika msitu wa Amani huuliza swali moja: kama mti huu ni mgeni na unawabana wenyeji, kwa nini usikatwe tu? Tanga haina upungufu wa misumeno. Wapasua mbao wangeifanya kazi hiyo kwa furaha, tena bila kudai posho. Swali ni la haki kabisa. Jibu lake lakini lina kona nyingi kuliko barabara ya kupandia Amani yenyewe, na anayetaka kulielewa hana budi kuanza na mwanga, aje kwa ndege wa msituni, apite kwenye mashamba ya chai, ndipo aushike msumeno.

Kwanza mahali. Usambara Mashariki ni milima iliyo nyuma ya Muheza, mkoani Tanga, karibu na pwani kiasi kwamba mawingu yake ni mawingu ya bahari. Upepo wa Bahari ya Hindi ukifika kwenye miteremko hupanda, hupoa na kuutua mzigo wake. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Milima hii ni kimoja kati ya vipande 13 vya Tao la Mashariki, safu ya milima inayoanzia Milima ya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Katika mamilioni ya miaka Afrika imekauka na kulowa mara nyingi, lakini mvua ya bahari haikuacha kuinyeshea safu hii. Misitu ya huku ikabaki kama visiwa, na viumbe wake wakabaki bila ndugu kwingineko.

Ndiyo maana Amani ina vitu vinavyowafanya watu wasafiri nusu ya dunia kuviona. Yupo kinyonga mwenye pembe tatu ambaye jina lake la kisayansi limetokana na Derema, mahali palepale Usambara. Yupo chura mdogo anayezaa watoto wakiwa wamekamilika badala ya kutaga mayai majini. Yupo ndege wa vichakani mwenye mdomo mrefu mwembamba, aliyepewa jina la Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani na kuandika sana kuhusu ndege wake. Ukimwacha huyo wa Usambara, ndugu zake hupatikana tu kwenye milima ya kaskazini mwa Msumbiji. Na lipo ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, likaelezwa kisayansi mwaka 1893 na kuitwa Saintpaulia. Leo limejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia maji hawajui kwamba kwao ni Tanga.

Mikono iliyolitoa ua hilo ndiyo iliyoingiza miti. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, na wakaanza kupanda kila walichodhani kingeweza kuleta faida kwenye koloni: mipira, kwinini, kahawa, kafuri, viungo, miti ya mbao ya kutoka Asia na Amerika. Bustani ya mimea ya Amani ya leo ni masalia ya majaribio hayo. Musizi ulipandwa hapo mwaka 1913. Jina lake la kisayansi, Maesopsis eminii, ni kumbukumbu ya Emin Pasha, daktari na mpelelezi mzaliwa wa Ujerumani wa karne ya 19.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulipita haraka mno. Musizi si mgeni wa nchi. Kwao ni Afrika ya magharibi na kati, Kongo, Uganda, magharibi mwa Kenya, hadi kandokando ya Ziwa Viktoria upande wetu wa Kagera. Waganda wanaupenda, neno musizi lenyewe ni lao. Mti huuhuu unaoleta kero Tanga ni mwenyeji anayeheshimika Bukoba, ndani ya mipaka ileile ya Tanzania. Ugeni wake Amani hauna uhusiano wowote na pasipoti. Ni kwamba mimea na wanyama wa Amani waliishi mamilioni ya miaka bila kukutana nao.

Kwa miongo kadhaa mti ulitulia. Ulikuwepo, ulizaa, lakini haukuzua maneno. Kilichoubadilishia bahati ni biashara ya mbao. Baada ya uhuru, sehemu za Kwamkoro, msitu wa hapo Amani, zilizokwisha kuvunwa zilipandwa musizi kwa wingi, kwa kuwa hukua haraka na mbao zake nyepesi zinafaa kwa mbao za tabaka na masanduku. Kisha, miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, ukaja uvunaji wa mashine nzito, kwa msaada wa maendeleo kutoka Finland. Matrekta yakachimba njia kwenye miteremko, majitu ya msitu yakaangushwa, na kila lilipoanguka jitu moja likaondoka na wadogo waliolizunguka. Kelele za wanasayansi na za wananchi wa huku na wa Finland kwenyewe zilipozidi, uvunaji huo ukasimamishwa, na Wafini hao hao wakageuka kufadhili uhifadhi. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Msitu ulikuwa umekwisha kuachwa na matundu.

Matundu hayo ndiyo moyo wa habari hii. Ndani ya msitu mzima wa mvua, chini ya paa la majani, ni giza. Mche unaoota huko hupata mwanga kidogo sana, na aina nyingi za kienyeji zimezoea maisha hayo: huota, husimama karibu bila kukua kwa miaka, zikisubiri mti mkubwa uanguke. Zina subira ya mtu anayesubiri urithi. Musizi hauna subira hiyo. Kivulini miche yake hufa. Lakini ukiupa mwanga hupanda mbio, mita mbili na zaidi kwa mwaka katika ujana wake, na kufumba na kufumbua umeshaliziba tundu kwa kichwa chake. Katika msitu usioguswa, matundu ni machache na yako mbalimbali. Ukipitisha matrekta, umeutandikia mgeni kitanda.

Bado mbegu lazima ifike kwenye tundu, na hapo ndipo anaingia hondohondo.

Hondohondo wa Amani ni mkubwa, mweusi, mwenye mashavu ya rangi ya fedha na kofia kubwa juu ya mdomo. Mbawa zake zina kelele. Utamsikia akipita juu kabla hujamwona. Wakati wa kutaga, jike huingia kwenye tundu la mti mzee na mlango huzibwa kwa udongo, ubaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa miezi, na dume ndiye mtafutaji. Kwa makadirio yanayotolewa kuhusu ndege huyu, dume mmoja anaweza kuleta matunda yapatayo 24,000 katika msimu mmoja wa siku kama 120, kwa safari 1,600 hivi. Moreau na mkewe Winifred waliketi chini ya viota hivyo hapo Amani, na mengi tunayojua juu ya ndoa hii ya kufungiana mlango yalianzia kwao.

Tunda la musizi ni kama limetengenezwa kwa mdomo huo. Lina urefu wa sentimita mbili na nusu hadi tatu, likiiva huwa jeusi la zambarau, nyama kidogo, kokwa ngumu katikati. Hondohondo hulimeza zima, huruka, na baadaye huitapika kokwa mahali pengine, ikiwa safi na tayari kuota. Nyani, kima na ndege wengine nao hula, lakini watafiti waliofuatilia suala hili Usambara mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwemo Mtanzania Norbert Cordeiro, walionyesha kwamba hondohondo ndiye msambazaji mkuu: hubeba mbegu nyingi zaidi na huzifikisha mbali zaidi.

Kwa hiyo adui, kama ni adui, anabebwa na kipenzi cha wahifadhi wenyewe. Hondohondo ni mmoja wa walimaji wakubwa wa msitu huu. Mikuyu na miti mingi ya kienyeji inamtegemea. Huwezi kumwambia asile musizi. Na musizi, unaozaa matunda kwa wingi hivyo, bila shaka humlisha vizuri, hata pengine humwongeza idadi. Unamlinda ndege, unapanda mti usioutaka.

Sasa ongeza chai. Msitu wa Usambara Mashariki haukukatwa tu, umekatwakatwa: kipande hapa, shamba la chai katikati, kipande kule. Kwa hondohondo shamba la chai ni nafasi ya kuruka tu. Dakika chache, ameshafika ng'ambo. Kwa ndege wadogo wa kivulini ni bahari. Wako ambao hawatavuka eneo la wazi hata la mita mia chache. Cordeiro na mwenzake Henry Howe walichunguza mti mmoja mdogo wa kienyeji, Leptonychia usambarensis, ambao mbegu zake hubebwa na ndege wa aina hiyo. Ndani ya msitu mkubwa mbegu zilihamishwa vizuri. Kwenye vipande vidogo ndege walikuwa wameadimika, na mbegu zikawa zinaanguka chini ya mama na kubaki hapohapo, zikibanana na kuliwa.

Soma mambo hayo mawili pamoja na picha inatisha kidogo. Mashamba yanayoukata msitu vipande yanawavunjia wenyeji usafiri, lakini hayamgusi mgeni, kwa sababu yeye amepanda ndege mkubwa. Ndiyo sababu kuulaumu musizi peke yake ni kulaumu inzi kwa kidonda.

Je, ni hatari kiasi gani? Hapa wataalamu wenyewe walivutana. Watafiti wa miaka ya 1980 walitabiri mabaya: kwamba musizi ungetawala sehemu kubwa ya paa la msitu. Walieleza pia kwamba majani yake huoza upesi, hivyo mboji inayofunika ardhi hupungua, na udongo wa juu hubadilika. Kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo dogo. Kwa chura, kinyonga wa ardhini na wadudu wanaoishi ndani ya yale majani yaliyodondoka, ni kama mtu kung'olewa paa la nyumba. Baadaye, miaka ya 1990, wengine walipima tena na kukuta hali si ya kukatisha tamaa: chini ya musizi mkubwa kulikuwa kunaota miche mingi ya kienyeji, na miche ya musizi wenyewe haikuwa ikiendelea, kwani kivuli cha mama kiliiua. Yaani mgeni anaziba tundu, kisha anawalea warithi wasio watoto wake.

Mimi nadhani pande zote mbili ziliona kweli, kila moja mahali pake. Katikati ya msitu mpana, ambapo wasambazaji wote wapo, musizi unaweza kuwa mlezi wa muda. Ukingoni, kandokando ya barabara, kwenye kipande kidogo kilichozungukwa na chai, matundu hayaishi na ndege wadogo hawapo. Huko mgeni huwa mwenye nyumba.

Turudi kwenye msumeno. Ukiukata musizi mkubwa, unaanguka na kuvunja hiyo miche ya kienyeji iliyokuwa ikingoja chini yake, na unaacha tundu jipya lenye mwanga tele. Nani hupenda tundu jipya lenye mwanga? Musizi mwingine, ambao mbegu yake hondohondo ameshaitapika hapo. Pamoja nao huja vichaka vya kigeni kama lantana. Ndiyo maana njia inayopendekezwa na wengi ni kuchuna gome kuzunguka shina na kuuacha mti ufe ukiwa umesimama. Majani hupukutika taratibu, mwanga huingia kwa kipimo, na miche ya wenyeji hupata muda wa kujinyoosha. Ni kazi ya polepole inayotaka watu kurudi tena na tena kung'oa miche mipya, na fedha za miradi, kama tunavyojua, hazina mazoea ya kurudi tena na tena.

Kuna na sheria. Ndani ya hifadhi ya mazingira asilia uvunaji wa mbao hauruhusiwi. Hilo ndilo lililookoa Amani. Lakini marufuku iliyoandikwa kwa ajili ya miti ya mbao ya wenyeji kama mvule na mtambara huukinga musizi pia. Ukitaka kuifungulia mlango kwa mti mmoja, unapaswa kujiuliza gari lililobeba magogo usiku litakaguliwa na nani, na je, huyo mkaguzi ataweza kutofautisha gogo na gogo kwa tochi. Sioni aibu kusema kwamba hofu hiyo ni ya msingi kuliko hoja zote za kisayansi.

Halafu kila mtu anaulinda msitu wake. Mkazi wa Tanga mjini anaihitaji Amani kwa sababu Mto Zigi unaanzia huku, unaingia bwawa la Mabayani, na kutoka hapo ndipo yanapopatikana maji ya bombani. Kwake mteremko wenye musizi na mteremko wenye mtambara vyote vinashika udongo, maji yakija meupe inatosha. Mtafiti wa vyura hataki kusikia habari hiyo. Mkulima anayeishi mpakani anataka kuni, nguzo na mbao, na musizi shambani mwake unampa vyote kwa miaka michache, hivyo hana sababu ya kuingia hifadhini. Huyo anaisaidia hifadhi na kuipandia adui kwa wakati mmoja.

Wakulima hawa wameshabebeshwa mengi. Kwa miaka mingi zao lao la fedha lilikuwa iliki, inayolimwa chini ya kivuli cha msitu. Kwa mbali shamba la iliki linaonekana msitu kamili, maana miti mikubwa imeachwa. Lakini chini pamefyekwa, hakuna mche wa kurithi, na udongo ukichoka mkulima husogea mbele. Ilipoamuliwa kwamba ukanda wa Derema, kiasi cha hekta 950, urudishwe kuwa msitu ili kuunganisha Amani na misitu ya kaskazini, zaidi ya wakulima 1,000 walitakiwa kuacha iliki zao. Kibayolojia uamuzi ulikuwa sahihi: ukanda huo ndio daraja la wale ndege wadogo wasiovuka chai. Fidia lakini ilichukua miaka kukamilika, na kwa familia iliyokuwa ikisomesha watoto kwa iliki, daraja la ndege si neno la kuwatuliza.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa vipepeo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji wa kuzunguka Amani walikuwa wakifuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani, biashara safi isiyohitaji kukata hata tawi. Mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, kipepeo akahesabiwa pamoja na twiga. Marufuku ililenga walanguzi. Ikawapata akina mama wa Amani.

Kwa hiyo ungeanzia wapi? Ningeanza na matundu kabla ya miti. Kuziba njia za zamani za matrekta kwa miche ya kienyeji, kushona vipande vya msitu vilivyoachana, kuilinda Derema ikomae. Musizi ulio ukingoni na kwenye vipande vidogo uchunwe gome. Ulio katikati na unaolea miche ya wenyeji uachwe ufe kwa uzee wake. Hondohondo aendelee kula anachotaka.

Kipimo cha kama hilo linafanya kazi ningekitafuta kwa msambu. Huu ni mti wa Tao la Mashariki wenye matunda makubwa ya kilo kadhaa, ambao mbegu zake zenye mafuta wanawake huziokota na kuziuza. Tunda hilo hakuna hondohondo wa kulimeza. Huanguka chini, na mbegu zake hubebwa na panya buku, anayezificha hapa na pale umbali wa mita chache kwa ajili ya siku za njaa. Nyingine huzila. Nyingine huzisahau, na hizo ndizo huota. Musizi una ndege, msambu una panya. Mche utakaotokana na usahaulifu huo utakaa miaka mingi, huenda zaidi ya 10, kabla ya kuzaa, na katika sehemu nyingi za Amani utaikaa miaka hiyo chini ya kivuli cha musizi.